Gita ya marehemu na kipande kipya

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya watoto na ngoma za wazee. Leo tunapenda kuleta neno ambalo wengine wataona ni dogo, tena wataona siyo la mila: kipande kimoja cha chuma juu ya gita ya umeme. Kipande chenyewe hakipiti urefu wa kidole cha kati. Lakini kilituletea maneno mengi ndani ya kwaya yetu hapa Baraka, kilimliza mama mmoja mzee, na mpaka sasa tukipita sokoni kuna watu wanatusimamisha na kuuliza: «Mwalimu, ile siku mulikuwa na haki ao hapana?» Hatujaweza kuwajibu kwa neno moja. Ndiyo sababu tumeomba kurasa hizi.

Kwanza tumalize swali la wale wanaosema gita siyo mila yetu. Ni kweli, mababu hawakutuachia gita. Lakini muhogo nao hawakutuachia: ulivuka bahari toka Amerika ukaletwa na Wareno, na leo nani hapa Fizi atasema bukari ya muhogo siyo chakula cha kwetu? Gita imekwisha kukaa. Mwaka 1948 Mgiriki mmoja, Nicolas Jeronimidis, alianzisha nyumba ya kurekodi iitwayo Ngoma kule Léopoldville, na mwaka uleule Wendo Kolosoy pamoja na mpiga gita Henri Bowane wakatoa «Marie-Louise». Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, kijana aliyepiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na watu wa nchi za mbali wakadhani wanasikia gita mbili. Karibu na 1953 Mbelgiji Bill Alexandre akaja kufanya kazi katika studio ya CEFA, akawaonyesha vijana wa Léopoldville gita ya umeme. Franco mwenyewe, kabla ya kuwa Franco, alianza utotoni na gita ya debe ambayo kamba zake zilikuwa nyaya za umeme zilizovuliwa ngozi. Na tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo zote mbili katika orodha ya mali za kiroho za wanadamu. Sisi wengine tulianza na galoni ya mafuta na kamba za breki za baiskeli. Kwa hiyo tunaomba gita ihesabiwe kuwa mila, hata kama ni mila changa.

Sasa tuje kwa gita yenyewe.

Mwenye gita alikuwa mzee wa kwetu, mpiga solo. Aliinunua kwa mkono wa pili kule Bujumbura mwaka 1974. Ni gita ya tumbo tupu, rangi ya njano inayoelekea weusi pembeni, jina la kiwanda lilishafutika kichwani. Nyuma yake iko na kile chombo cha vibrato: mkono wa chuma ambao mpigaji anaukandamiza kidogo kwa kiganja, kamba zote sita zinalegea pamoja, sauti inatetemeka kama mtu anayelia huku anacheka, akiuacha, kamba zinarudi. Chombo cha namna hiyo kilisambazwa na Paul Bigsby wa California, fundi wa pikipiki, toka miaka ya 1950, na viwanda vingi vikamfuata.

Mwaka 1996 vita vilipofika, mzee alivuka ziwa na mke wake, na watoto, na sufuria mbili, na ile gita ndani ya kitenge na plastiki. Sisi tulikuwa bado mtoto, tulimkuta kambini Nyarugusu, kule Kasulu. Hakukuwa na umeme wa kuipigia. Aliipiga hivyo hivyo, kavu, jioni, mbele ya nyumba ya udongo, na kwa sababu iko na tumbo tupu ilisikika kidogo. Watoto tulikaa chini. Mama, mke wake, alikuwa anachambua maharagwe. Tunasema haya ili msomaji aelewe kwamba ile gita siyo chombo cha duka. Ilirudi Baraka kwa boti baada ya miaka kumi na zaidi, pamoja na sisi wote tuliorudi, na mzee akaanza kuipigia kwaya. Alikufa mwaka 2016. Kisha siku arobaini mama aliwaita wakubwa wa kwaya akasema: «Nawapa muipige.»

Tuliandika maneno hayo katika daftari ya kwaya, sisi tukiwa mwandishi. Nawapa muipige. Msomaji ayashike, tutayarudilia.

Tatizo la ile gita kila mpigaji alilijua: haikai katika sauti. Wapiga gita wetu wanakiita shevale kile kipande ambacho kamba zinalalia kabla ya kufika kwenye vibrato. Ni jina la Kifaransa, maana yake farasi mdogo, kwa sababu kinabeba. Shevale ya zamani ilikuwa ya chuma iliyochongwa mifereji sita, imesimama juu ya kibao kisichopigwa msumari wala gundi; kinashikwa na uzito wa kamba tu. Ukikandamiza mkono wa vibrato, kamba inateleza mbele ndani ya mfereji wake. Ukiuacha, kamba inataka kurudi nyuma, lakini mfereji, ambao umekwisha kulika kwa miaka, unaing'ang'ania. Inabaki chini kidogo ya pale ilipotoka. Kidogo sana, lakini sikio linaona. Na kule juu, kwenye kipande cha mfupa karibu na vifunguo, mambo ni kinyume: kamba ikishikwa kule inarudi juu ya sauti yake. Kwa hiyo kamba moja inashuka, ingine inapanda, na kwaya ya watu arobaini inaimba na gita ambayo kila ubeti inahama.

Kulikuwa tena na shida ya pili. Shevale ile ilikatwa zamani, wakati kamba ya tatu ilikuwa ya kusokotwa. Kamba tunazopata leo, ya tatu ni waya mtupu, na waya mtupu unataka nafasi ndefu zaidi. Ukiipiga wazi ni sawa. Ukiishika kwenye chuma cha kumi na mbili, ambapo ingetakiwa kutoa sauti ileile mara mbili juu, inapanda kuliko haki. Hakuna kuakordi kunakoponya hiyo. Ni kama mezani ya sokoni yenye jiwe bovu: hata muuzaji akiwa mtu mwaminifu, kilo haitakuwa kilo.

Tulijaribu kwanza dawa ya bei rahisi, ambayo tunaipendekeza kwa kila kwaya: tukachukua kalamu ya risasi ya darasani, tukasugua mine yake ndani ya mifereji ya mfupa wa juu na ya shevale. Ule unga mweusi unalainisha. Juu kulipona. Chini hapana, kwa sababu mifereji ya chini ilikuwa imekwisha kuwa mashimo.

Ndipo mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, ambaye alitoka Nyarugusu akapelekwa Marekani pamoja na familia nyingi za kwetu, aliposikia habari, akanunua kule shevale ya vigurudumu akaituma kwa mtu aliyekuwa anakuja. Ilifika mwaka 2022. Bei haikufika dolari 50. Ndani yake kila kamba inalala juu ya kigurudumu kidogo. Vibrato ikivuta, kigurudumu kinazunguka, kamba inakwenda na kurudi bila kusugua. Na kila kigurudumu unaweza kukisogeza mbele ao nyuma kwa bisibisi, mpaka kamba ya tatu nayo ipate nafasi yake.

Fundi wetu ni kijana anayetengeneza redio na simu karibu na soko. Wengine walitaka atoboe tumbo la gita, aingize nguzo mpya ndani ya mbao, ati ndiyo itashika nguvu. Yeye alikataa. Alipima nafasi kati ya nguzo mbili za zamani, akakuta milimita 74 hivi, akapima kipya, akakuta kinaingia. «Hakuna haja ya shimo,» alisema. «Shimo halirudi.» Wakati ule tulidhani anaongea ufundi tu. Alilegeza kamba, akanyanyua shevale ya zamani, akaweka mpya palepale juu ya nguzo zilezile, akapima urefu, akakaza, akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kigurudumu. Kigurudumu kimoja kilikuwa kinalia zzz, akakishughulikia. Kazi yote haikufika saa mbili. Siku ya Yehova iliyofuata gita iliimba toka mwanzo mpaka mwisho bila kuguswa vifunguo. Watu walipiga vigelegele. Tulijisikia tumefanya jambo.

Mama alikuwa amekaa mstari wa tatu. Alitoka kabla ya sadaka.

Tulimfuata jioni, sisi na mkubwa wa kwaya. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akauliza habari za watoto. Halafu akasema: «Mwalimu, munisamehe. Ile gita haiko ya baba yenu.» Tukamwambia: Mama, ni ileile, tumebadilisha kipande kidogo tu, ndiyo hiki hapa, na tukakitoa mfukoni. Alikichukua akakishika mkononi, hakukitazama. Akasema: «Ile *tik* imekwenda wapi?»

Hatukuelewa. Ilibidi atueleze. Marehemu, kila mara alipokandamiza mkono wa vibrato, hakuuacha tu. Aliunyanyua kidogo kwa kidole cha mwisho, kamba ikatoa sauti ndogo, *tik*, ikaruka mahali pake. Ndivyo alivyoishi na ule ubovu kwa miaka arobaini na miwili: alijifunza kuirudisha kamba nyumbani kwa kidole. Sisi wapiga gita tulijua kwamba kamba inalia hivyo ikitoka kwenye kizuizi. Kwetu ni alama ya kasoro. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe jioni kambini bila kuwasha taa, kwa ile *tik* alijua mume wake yuko wapi, na kwamba yuko mzima. Na sisi ndio tulioiondoa, tena tukapigiwa vigelegele.

Mkubwa wa kwaya alijaribu kujitetea, na maneno yake yalikuwa na uzito, hatutayaficha. Alisema: Mama, baba mwenyewe alikuwa anabadilisha. Ni kweli. Vifunguo vya kukazia kamba vilikuwa vya gita ingine. Kipande cha mfupa cha juu alikichonga yeye mwenyewe toka mfupa wa ng'ombe. Kitufe cha sauti kilipotea kambini, akaweka kifuniko cha dawa ya meno, na kile kifuniko kiko mpaka leo. Hakuwa mtu wa kuabudu chombo. Kama angepata shevale ya vigurudumu angeivaa siku ileile. Mama alisikiliza yote. Akajibu: «Yeye alikuwa yeye.»

Usiku ule hatukulala vizuri. Sisi tunafundisha filozofia kidogo kwa wanafunzi wa mwaka wa sita, na tulikumbuka habari ambayo tulipewa zamani tukiwa ISP, tukaiandika kwenye daftari bila kuijali. Plutarko anasimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya shujaa wao Teseo. Ubao ukioza waliuondoa wakaweka mpya, mpaka wenye hekima wakaanza kubishana: je, hii bado ni merikebu ya Teseo? Baadaye, mwaka 1655, Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza fitina: vipi kama mtu angekusanya mbao za zamani zote zilizotupwa, akazipanga upya zikawa merikebu? Merikebu ya kweli ni ipi?

Kwa mtu wa Baraka swali hilo siyo la vitabu. Tembea tu pwani uone maboti ya mbao yakiwa yamepinduliwa kwenye mchanga, mafundi wanagonga. Boti inayokwenda Ubwari inabadilishwa ubao mwaka huu, mwaka kesho mwingine, pamba inatiwa mpya katika nafasi, na jina lake linaandikwa upya kwa rangi. Hakuna abiria anayeuliza kama ni ileile. Ngoma vivyo hivyo. Ngozi ikipasuka, mzee anatafuta ngozi ya mbuzi, anaiwamba, anaiweka karibu na moto ikaze, na ngoma inaitwa kwa jina lake la zamani. Nyumba ya majani, majani yanaoza, tunaezeka. Wazee wetu hawakuwa watu wa kuogopa kubadilisha kipande. Kitu kwao kilikuwa ni kazi yake: ngoma ni ile inayoita watu, boti ni ile inayovusha. Kwa hesabu hiyo, gita ambayo haikai katika sauti ndiyo ilikuwa imeanza kufa, na sisi tuliifufua. Tulifurahi kupata jibu hilo. Lilikuwa upande wetu, na jibu likiwa upande wako unalifurahia upesi.

Lakini tulipolipeleka darasani, kijana mmoja alituuliza kwa nini basi watu wanatunza mkuki wa babu ambao hauwindi tena, ao kiti cha mzee ambacho hakikaliwi. Akatusumbua. Maana ni kweli, kuna vitu ambavyo kazi yake imekwisha na bado hatuvitupi. Padri Placide Tempels, katika kitabu chake cha 1945 juu ya filozofia ya Kibantu, aliandika kwamba kwetu kuwa ni nguvu, na kwamba nguvu ya mtu haibaki ndani ya ngozi yake tu. Tempels amepingwa sana na Waafrika wenyewe, na walikuwa na sababu, kwa kuwa alituweka wote katika kapu moja. Hata hivyo juu ya kiti cha mzee hakukosea sana. Na gita ya marehemu ilikuwa vitu viwili kwa wakati mmoja: kwa kwaya ilikuwa boti, kwa mama ilikuwa kiti. Boti unaitengeneza kusudi ivuke. Kiti unakiacha jinsi kilivyo, hata kama mguu mmoja ni mfupi.

Basi nani anashinda? Watu arobaini na zaidi wanaoimba, ao mjane mmoja? Tulianza kuhesabu namna hiyo, tukaona haya. Hapo msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, alinyoosha mkono. Alisema: «Mwalimu, ninyi munauliza kama gita ni ileile. Yule mama haulizi hivyo. Yeye anauliza juu ya nini hamukumwambia.»

Tulirudi kwenye daftari ya kwaya. Nawapa muipige. Hakusema: nawapa iwe yenu. Katika Kiswahili chetu neno kupa ni pana mno. Mtu anakupa jembe ulime, anakupa mtoto umlee, anakupa kiti ukae, na kila moja ina mipaka yake ambayo haitamkwi kwa sababu kila mtu anaijua. Sisi tuliijua. Tulijificha nyuma ya mpwa wa Marekani: yeye ni mtu wa familia, ametuma kipande, basi familia imekubali. Lakini mpwa yuko mbali na hakuishi na ile *tik*. Mama alikuwa hatua mia mbili toka kanisani. Hatukumuuliza kwa sababu moja tu, na tunaiandika hapa ingawa haitupendezi: tuliogopa atasema hapana.

Na kama angesema hapana? Rafiki zetu wengine wanatuambia kwamba hapo ndipo heshima inageuka kamba ya shingo. Kwamba nchi hii ina vitu vingi vya marehemu vinavyooza ndani ya nyumba huku walio hai wanavihitaji. Tunawasikia. Tumeona mashine ya cherehani imekaa miaka kumi chini ya kitambaa kwa sababu mwenyewe alikufa, na binti zake wanashona kwa mkono. Hilo nalo ni ubaya. Lakini kwa gita hii jibu lilikuwa jepesi kuliko tulivyolifanya: angesema hapana, tungemrudishia gita yake na shukrani, tukatafuta ingine, hata ya debe. Kitu ulichopewa ukitumie, mlango wa kukirudisha hauufungi. Yule fundi wa simu alikuwa ameliona hilo kabla yetu, na mbao tu ndizo zilizomfundisha. Kama tungetoboa, leo tusingekuwa na la kumwambia mama. Hatukutoboa, na heshima ya hilo siyo yetu.

Tulimwendea tena, safari hii na fundi. Tulimwambia: Mama, tulikosa. Tukitaka, kipande cha zamani kinarudi leo hii, dakika ishirini. Amri ni yako.

Alikaa kimya muda. Akauliza fundi kama kile kipya kinaumiza mbao. Fundi akasema hapana. Akauliza kama watoto wa kwaya wanaimba vizuri zaidi. Hapo sisi tulitaka kuficha, tukasema kweli: ndiyo, vizuri zaidi. Akauliza mpwa alilipa pesa ngapi. Mwisho akasema wakiache. Yeye atabaki na kile cha zamani. Akakifunga ndani ya pindo la kitenge kama mtu anavyofunga franka za soko. Hobbes angesema sasa kuna gita mbili, moja kanisani na ingine katika pindo la kitenge. Hatukumwambia mama habari ya Hobbes.

Akaweka sharti moja. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka marehemu, tuvae ile shevale ya zamani, usiku mmoja tu, kisha tumrudishie.

Tumefanya hivyo toka hapo. Mama anakuja na kitenge chake, anafungua fundo, fundi anapokea kwa mikono miwili. Analegeza kamba, ananyanyua vigurudumu, anaweka kile chuma kilicholika. Paneli na batri zinatosha kwa ampli moja ndogo. Kijana anayepiga solo leo hakumjua mzee vizuri, alikuwa mtoto. Ilibidi tumfundishe kunyanyua mkono kwa kidole cha mwisho, na ilimchukua wiki mbili, kwa sababu kidole chake kimezoea vigurudumu na hakioni maana ya kazi hiyo. Mara ya kwanza alikosea, kamba ya pili ikabaki chini, kwaya ikaanza wimbo juu ya sauti mbovu, sopurano wakacheka. Ilibidi kusimama katikati. Watu wote wakangoja, na wageni waliotoka Uvira wakatazamana, huku kijana anainama juu ya gita, anaunyanyua ule mkono polepole, mara moja, mara mbili, mpaka tukasikia *tik*. Mama aliyekuwa mbele akatikisa kichwa, akasema: «Haya, muendelee.»